Tkinter: dirisha linapanuka, vilivyomo ndani vimejibana kwenye kona. Msaada wakuu

Mwanagenzi

Wakuu habari zenu. Leo siku ya tatu nazunguka na jambo hilihili mpaka macho yanauma.

Naandika programu ndogo ya kutunza orodha ya vitabu, Python na Tkinter (maktaba yake ya kutengeneza madirisha). Juu kuna fomu, katikati jedwali la Treeview lenye safu wima saba, chini vitufe vitatu: Ongeza, Futa, Hifadhi. Kwenye laptopu yangu, skrini ya pikseli 1366 kwa 768, dirisha likifunguka linapitiliza na safu wima ya mwisho inakatika. Nikiunganisha skrini kubwa na kulipanua, kila kitu kinaganda kona ya juu kushoto, kwingine kote kijivu kitupu. Halafu kuna dirisha dogo la maelezo ya kitabu: nikilipunguza kidogo tu, kitufe cha Hifadhi kinapotea.

Nilitaka nipige hesabu mwenyewe, nisome upana wa dirisha nigawanye. `winfo_width()` inanijibu 1. Moja! Dirisha ninaliona kwa macho yangu limejaa skrini.

Sehemu yenyewe hii hapa:

```
root = tk.Tk()
kuu = ttk.Frame(root, padding=10)
kuu.grid(row=0, column=0)
kuu.columnconfigure(0, weight=1)
kuu.rowconfigure(1, weight=1)
fomu.grid(row=0, column=0, sticky="ew")
jedwali.grid(row=1, column=0, sticky="nsew")
vitufe.grid(row=2, column=0, sticky="e")
```

Vitu navipanga kwa `grid`, yaani kwa visanduku vya safu kama jedwali. Uzito (`weight`) nimeweka, sticky nimeweka. Nimekosea wapi? Natanguliza shukrani.

Kipanya_Kibovu

Achana na grid mkuu. Tumia `place` na `relwidth`, unaweka sehemu ya upana, 0.5, 0.3, mambo yanakwisha dakika mbili.

Fundi_Dirisha

Yanakwisha dakika mbili, yanarudi siku mtu akiongeza ukubwa wa maandishi kwenye mashine yake. `place` haiangalii kitufe kinahitaji nafasi kiasi gani, inatii namba uliyoipa tu. Maandishi yakikua yanakatwa. Mimi huitumia kuweka kitu juu ya kingine, basi.

Mwanagenzi, uzito umeuweka ndani ya `kuu`, sawa kabisa. Lakini `kuu` yenyewe imekaa ndani ya `root`, na `root` hukuiambia chochote. Safu katika grid huanza na uzito 0, maana yake nafasi ya ziada haiihusu. Kwa hiyo dirisha linapanuka, `root` inakaa na nafasi yote, `kuu` haipati hata pikseli moja ya kuwagawia watoto wake. Ongeza:

```
root.columnconfigure(0, weight=1)
root.rowconfigure(0, weight=1)
```

Mwanagenzi

Nimeongeza. Sasa kila kitu kimehamia katikati ya dirisha! Ukubwa ni uleule, kijivu kimezunguka pande zote nne. Ni maendeleo au nimeharibu zaidi?

Fundi_Dirisha

Maendeleo, tena makubwa. Kisanduku cha grid kimekua, ila `kuu` ndani yake haijashikamana na kuta, na kitu kisicho na sticky hukaa katikati ya kisanduku chake. Andika `kuu.grid(row=0, column=0, sticky="nsew")`.

Uzito hukuza kisanduku, sticky humfanya aliyemo akijaze. Na viwili hivi vinatakiwa kwa kila mzazi, kuanzia `root` hadi jedwali. Pete moja ikikatika, zilizo chini yake zote hazipati kitu, hata ziwe zimeandikwa vizuri namna gani.

Bi_Pikseli

Naongezea njia ninayotumia mimi kuitafuta hiyo pete iliyokatika, maana kusoma msimbo pekee kunachosha. Zipake fremu rangi. `root` nyekundu, `kuu` njano, `fomu` bluu. Panua dirisha utazame: rangi inayoenea ndiyo inayoishika nafasi, na ya kwanza kukataa kuenea ndiyo mgonjwa wako. Kwa Mwanagenzi angeona wekundu umetapakaa na njano imejikunyata konani, asingekesha siku tatu.

Angalizo: `ttk.Frame` haikubali `bg`, itakutupia kosa. Badilisha kwa muda iwe `tk.Frame`, na uiondoe `padding` kwa sababu hiyo nayo `tk.Frame` haiijui. Ukimaliza rudisha. Mimi niliwahi kusahau, nikakabidhi programu ina fremu ya waridi. Mteja akaniambia amependa.

Upana unaopitiliza: kila safu wima ya Treeview huomba pikseli 200 usipoipangia. Saba mara 200 ni 1400, skrini yako ina 1366. Hapo huhitaji mchawi. Zipangie kila moja kulingana na kilichomo:

```
jedwali.column("mwaka", width=60, stretch=False)
jedwali.column("jina", width=260)
```

Mwaka una tarakimu nne, haunufaiki na kupanuliwa. Acha jina la kitabu lichukue ziada. Na kama hukuweka `show="headings"`, kuna safu wima ya nane, ile `#0`, nayo inakula 200 zake kimyakimya.

Mzee_wa_Msimbo

Hiyo 1 ya `winfo_width()` si uongo. Uliuliza kabla dirisha halijapangwa. Tk, injini iliyo chini ya Tkinter, haipangi wijeti (kitufe, lebo, fremu na kadhalika) papo hapo unapoita `grid`, hungoja ipate nafasi ya kupumua ndipo ipige hesabu zote kwa pamoja. Ita `root.update_idletasks()` kwanza, kisha uliza `winfo_reqwidth()` ukitaka kujua ukubwa unaoombwa. Ukubwa halisi ufuatilie kwa tukio la `<Configure>`, linalotokea kila ukubwa unapobadilika, maana mtumiaji anaweza kulivuta dirisha saa yoyote.

Ila kijana wangu, ukijikuta unagawanya pikseli kwa mkono, simama. Hiyo ndiyo kazi ya grid.

Kipanya_Kibovu

Basi ahamie Qt, maktaba nyingine ya madirisha, Tkinter ya kizamani hii.

Mzee_wa_Msimbo

Atakutana na yaleyale kwa majina mengine. Kwenye Qt ukiweka wijeti bila kuipa fremu yake mpangilio, dirisha likipanuka inabaki palepale ulipoiweka. Ukiipa mpangilio, utaulizwa habari za `QSizePolicy` na `stretch`, yaani nani akue na kwa kiasi gani. Amalize hili kwanza.

Bi_Pikseli

Tusisahau kitufe kinachopotea. Mwanagenzi, dirisha la maelezo umelipangaje?

Mwanagenzi

Hapo nilitumia pack, ile njia nyingine ya kupanga badala ya grid:

```
maandishi.pack(fill="both", expand=True)
vitufe2.pack(side="bottom", fill="x")
```

Bi_Pikseli

Nilijua. Pack hugawa nafasi kwa foleni: aliyepakiwa kwanza anachukua anachoomba, wa mwisho anapewa makombo. Wijeti ya Text, yaani hiyo `maandishi` yako, usipoipangia huomba herufi 80 kwa mistari 24, na imetangulia. Dirisha likipungua, anayebanwa ni wa mwisho, yaani vitufe vyako.

Geuza foleni tu. Pakia `vitufe2` kwanza na `side="bottom"` yake, halafu `maandishi`. Kwa macho hakuna kitakachobadilika, vitufe vitabaki chini. Lakini sasa dirisha likipungua ni Text inayobanwa, na Text haiumii. Kama una upau wa kusogezea pembeni yake, nao upakie kabla ya Text.

Fundi_Dirisha

Na usije ukachanganya pack na grid ndani ya mzazi mmoja. Tk ya sasa inakupa kosa mara moja, zamani programu iliganda tu, meneja wawili wanavutana ukubwa bila kukoma. Wazazi tofauti ruksa, kama ulivyofanya.

Mwanagenzi

Wakuu, imekubali. Nilipaka rangi kama Bi_Pikseli alivyosema, nikagundua pia fomu yangu ina ugonjwa uleule: sehemu ya kuandikia jina ilibaki herufi 20 kwa sababu `fomu.columnconfigure(1, weight=1)` haikuwepo. Jedwali linajaza skrini zote mbili, Hifadhi haipotei tena.

Swali la mwisho: lebo yenye sentensi ndefu haivunji mstari dirisha likibanwa, inakatika tu.

Fundi_Dirisha

Lebo haijui kuvunja mstari mpaka uiambie ni wapi, kwa pikseli. Hakikisha ina `sticky="ew"`, halafu:

```
lebo.bind("<Configure>", lambda e: lebo.configure(wraplength=e.width))
```

Mwanagenzi

Inavunja. Naziondoa rangi sasa kabla sijasahau.