Uzi: Yule muuza vifaa vya michezo aliyenielekeza kwenye bakora

Ndugu zangu wa Malindi, assalamu alaykum. Bwana huyu mnamjua. Sitamtaja jina wala sitaeleza duka lake liko uchochoro gani, kwa kuwa nusu ya mji huu imekwisha kununua kwake raketi zilizolegea nyuzi. Leo baada ya adhuhuri nimekwenda kumtafutia mpwa wangu gongo la hoki lililotumika, naye, mbele ya wateja waliojaa hadi barazani, ameziangalia ndevu zangu kwa utulivu kisha akaniambia: "Mzee, bakora ziko duka la pili."

Bakora! Mimi!

Kosa langu lilikuwa nini? Nilitaka gongo la mbao, au la nyuzi za kioo lenye kaboni kidogo, kwa sababu lenye kaboni nyingi ni gumu, na mtoto anayeanza hushindwa kuutuliza mpira juu yake. Niliposema kwamba mtoto hutumia mkono wa kushoto, bwana huyo alitoa gongo uvunguni, akalipapasa kama dalali anayenadi mbuzi wa Idi, akaapa kwamba hilo ni la mashoto, limeachwa na Mtaliano, na ndiyo maana bei yake imezidi kwa shilingi 1,000. Jamani, kanuni za hoki hazina gongo la mashoto! Uso bapa huwa upande wa kushoto kwa wachezaji wote, hata kama mtu anaandika kwa mguu, na ule upande wa mviringo hauruhusiwi kugusa mpira. Nilimweleza hayo kwa adabu zangu zote, na jibu lake ndilo hilo: bakora ziko duka la pili.

Gongo lenyewe lilikuwa msiba. Lilipaswa kumfikia mtoto usawa wa nyonga, nalo likampita mbavu. Kanuni zinaruhusu mpindo usiozidi milimita 25, lakini hilo, lilipolazwa sakafuni, paka wa dukani alipita chini yake bila kuinama. Pale kwenye ncha iliyopinda palikuwa na utepe mpya mweupe, na nilipoubandua nikaukuta ufa unaoingia ukucha. Nchi hii ilimaliza ya nne katika Kombe la Dunia la hoki kule Barcelona mwaka 1971, na leo mtu aliyecheza winga ya kulia anaonyeshwa duka la bakora! Kilichoniua zaidi ni kwamba mpwa wangu alicheka, kisha akauliza: "Mjomba, tupite na huko pia?"

Kijana_wa_Barani: Pole sana, mzee wetu. Kabla hatujamlaani mtu, naomba utufahamishe kama ulipita.

Mwenye uzi: Sikupita, na sitapita.

Mama_Maweni: Afadhali wewe uliyeonyeshwa bakora. Mimi aliniuzia gongo la hoki ya barafu, lenye mpini mrefu na ubao mwembamba mwishoni, akidai kwamba ni toleo jipya. Barafu ninayoijua katika mji huu ni ile ya kuhifadhia samaki, na mwanangu alipofika nalo uwanjani mwalimu alimuuliza kama ametumwa kufagia.

Refa_Mstaafu: Gongo lililotumika si baya, mradi mnunuzi achunguze kingo na ncha, kisha aligonge na kusikiliza, likitoa sauti butu mahali pamoja, limekufa ndani. Utepe wa mpini uliochakaa usimtishe mtu, kwani hubadilishwa kwa bei ndogo, ila utepe uliofungwa chini ndio wa kushukiwa. Kuhusu ndevu, mzee mwenzangu, nilikuona harusini juzi, na kwa kweli yule bwana hakuwa mbali na ukweli.

Mwenye uzi: Mada si ndevu! Mada ni mtu aliyeambiwa bakora mbele ya mtoto.

Kijana_wa_Barani: Mtoto ndiye aliyetaka kupita.

Winga_wa_Lamu: Ninyi mna bahati ya kuliona duka lenyewe. Mimi huagiza kwake kwa simu nikiwa huku kisiwani, na mwezi uliopita nilimwagiza kinga za ugoko, zikafika zote mbili za mguu wa kulia. Nilipompigia alinieleza kwamba nikizoea nitaona ni zilezile.

Mama_Maweni: Subiri kwanza, Winga. Zako ni za buluu, zenye mkanda mmoja?

Winga_wa_Lamu: Ndizo hasa.

Mama_Maweni: Basi zile mbili za kushoto ziko kwangu. Nipe namba yako kwenye ujumbe wa faragha, nikutumie moja kwa basi la kesho asubuhi.