Tupeane uzoefu: ulimpataje mtu wa kumchukua paka asiye na kwao?

#1 (mleta mada)
Wadau, salaam. Wahenga walisema paka wa nyumba haingwa. Huyu ninayemleta kwenu hana nyumba.

Siku ya kumi na moja leo analala chini ya ngazi za jengo ninaloishi. Jike wa rangi tatu, nyeupe, nyeusi na chungwa, amekonda hadi pingili za mgongo zinahesabika. Siku ya kwanza alinikimbia. Ya nne alisimama mbali akinitazama namwekea chakula. Jana amekuja mwenyewe, akajisugua mguuni na kuanza kukoroma kwa raha. Nilikaa pale kwenye ngazi zaidi ya nusu saa, sikutaka kuinuka.

Siwezi kumwingiza ndani. Nina paka mzee mwenye ugonjwa wa figo, na daktari amenionya nisimletee mgeni ambaye hajapimwa. Kumwacha nako siwezi. Mliowahi kumtafutia paka makazi, mlianzia wapi? Nani mlimnyima? Nielezeni na yaliyoharibika.

#2
Anza kwa kuhakikisha kweli hana kwao. Mimi nilimlisha dume mmoja wiki mbili, kila jioni analia mlangoni kama hajala tangu juzi. Nikampatia mtu wa kumchukua. Bado siku moja akabidhiwe, jirani akanishauri nimvishe ukanda wa karatasi. Nikakata kipande chembamba, nikaandika: "Namlisha paka huyu. Kama ana mwenyewe, tafadhali nipigie," na namba yangu. Nikamzungushia shingoni bila kumbana, ncha nikazibandika kwa gundi hafifu ili akinasa mahali karatasi ichanike.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Mama mmoja wa mtaa wa pili, paka ni wa binti yake wa miaka saba. Alikuwa anakula kwao, kisha anakuja kula kwangu. Mpaka leo nikiwaza kwamba ningemgawa paka wa mtoto wa watu, moyo unanienda mbio.

Mpeleke pia kwa daktari wa mifugo amkague kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, huwekwa usawa wa mabega. Na tazama masikio: ncha ya sikio moja ikiwa imekatwa kwa mstari ulionyooka, katika nchi nyingi ni alama kwamba alishafungwa kizazi.

#3
Na tumbo litazamwe. Nilimpa rafiki yangu paka mmoja, baada ya wiki tatu akawa na watano. Mimba ya paka ni siku 63 hadi 65 hivi, na jike anaweza kushika akiwa na miezi 4 tu, bado unamwona mtoto. Rafiki hakulalamika, ila mimi niliona nimemtwisha mzigo bila kumuuliza. Siku hizi hatoki mikononi mwangu kabla hajafungwa kizazi.

#4
Langu ni la watoto, na bado linaniuma.

Nilikuta vitoto vinne kwenye rundo la mbao, macho hayajafunguka. Nikasema mama yao amewatupa. Sikungoja hata robo saa, nikawabeba. Usiku nikasikia sauti nje. Paka anazunguka zile mbao, anaita, ananyamaza kusikiliza, anaita tena. Alikuwa amekwenda kutafuta chakula tu.

Nikarudisha boksi palepale, nikajificha mbali. Akawabeba kwa shingo mmoja mmoja, watatu. Msiamini kwamba mama huwakataa watoto wakishashikwa na mtu, yule aliwachukua na harufu ya mikono yangu. Wa nne alimnusa, akamlamba kidogo, akaondoka na hakurudi. Nilipomshika alikuwa wa baridi kama jiwe.

Huyo nilimlea mwenyewe. Daktari aliniambia nimpashe joto kwanza ndipo nimlishe, maana kitoto chenye baridi hakiwezi kumeng'enya maziwa. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha, kuna maziwa yao maalumu. Anyonye akiwa amelala kifudifudi, ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu maziwa yanaweza kuingia mapafuni. Kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana. Baada ya kula nilimfuta chini kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kwa sababu katika wiki za mwanzo hawezi kukojoa mwenyewe, mama ndiye humlamba. Siku alipofungua macho nilikuwa nimemshika. Ya buluu, kama ya vitoto vyote.

Alipofikisha wiki 8 na kidogo nikaanza kumtafutia kwake. Wa kwanza alitaka zawadi ya kumshtua mtoto siku yake ya kuzaliwa. Nilikataa, akakasirika. Wa pili aliniuliza maswali mengi kuliko niliyokuwa nimemwandalia: akilia usiku nifanyeje, nikisafiri nani atakuwa naye. Nikampa huyo. Wale watatu na mama yao sikuwaona tena, na kila nikipita pale hutazama chini ya mbao.

#5
Naomba kuuliza. Tunataka kumchukua mmoja, lakini mke wangu ni mjamzito na watu wanatutisha.

#6
Ndugu, nafanya kazi kliniki ya wanyama. Hofu hiyo ina msingi wake: kuna kimelea kiitwacho toksoplasma ambacho paka aliyeambukizwa hukitoa kwenye kinyesi. Lakini kinyesi hicho hakiambukizi papo hapo, huchukua siku 1 hadi 5. Kwa hiyo sanduku la mchanga lisafishwe kila siku, na usafishe wewe, asiguse yeye. Nyama isiyoiva vizuri na mboga zisizooshwa huleta kimelea hichohicho. Mwelezeni na daktari wake wa kliniki. Hakuna ulazima wa kumfukuza paka.

Kwa wengine wote, nawaomba sana: msimpe paka paracetamol, inaua. Na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin msimpake kabisa. Tumewapokea wakitetemeka mwili mzima, na aliyempaka alikuwa anampenda.

#7
Mimi nilimkabidhi nikaondoka, sikuwaeleza kitu. Siku ya pili wakafungua mlango azoee mazingira. Akatoweka. Siku ya nane nikamkuta pale nilipomwokota mwanzo, ana jeraha begani.

Sasa nasisitiza: chumba kimoja kwanza, kidogo, chenye maji, mchanga na mahali pa kujificha. Akiwa uvunguni asivutwe. Kaa sakafuni, usimkazie macho, fumba na kufumbua taratibu, atajua huna ubaya. Asitoke nje kwa wiki 3 au 4. Akigoma kula siku mbili kamili, daktari, maana ini la paka huharibika upesi akikaa na njaa.

#8
Andika ukweli. Nilikuwa na dume mzee mwenye jicho moja, nikawa nampiga picha upande mzuri. Waliokuja watatu, wote waliondoka. Nikabadilisha: "Jicho moja. Hapendi watoto. Hulala mchana kutwa. Akikuzoea hatoki mapajani." Akapiga mzee mmoja aliyestaafu, anaishi peke yake. Nilikwenda kwanza kuona nyumba, na alikuwa ameshatandika shuka kwenye kiti kilicho karibu na chake.

#9 (mleta mada)
Nimesoma yote, la #4 mara mbili.

Ukanda wa karatasi amekaa nao siku tatu, hakuna aliyepiga. Daktari hakukuta chipu. Mimba hana. Ila aliponyoa manyoya kidogo tumboni akanionesha kovu la zamani: alishafungwa kizazi. Kwa hiyo kuna mtu aliwahi kumhangaikia, na huenda anamtafuta hadi leo.

Nimemhifadhi stoo, mlango wake hauelekei kwa paka wangu mzee. Matangazo yenye picha nimeyabandika mtaa mzima. Kuna alama moja mwilini mwake sijaiandika wala haionekani pichani. Nitasubiri wiki mbili. Atakayepiga akaitaja, nitamfungulia mlango. Asipotokea, basi nitaanza kupokea simu za wengine, na maswali ya kuwauliza mmeshanipa.