Naomba ushauri: naandika vituko vyangu vya Bongo Movie

Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwigizaji wa Bongo Movie, zile za bajeti ya nauli na chipsi. Naandika kitabu cha kuchekesha kuhusu kazi hii. Kuna filamu nilikufa asubuhi, jioni prodyuza akanirudisha kama pacha wa marehemu. Damu ilikuwa juisi ya rozela, nzi wakanifuata hadi kwenye jeneza la kukodi.

Prodyuza huyo bado ananizungusha hela yangu. Nimbadilishe jina tu, au na mtaa? Na zama za DVD za Kariakoo, kabla ya YouTube, vijana wataelewa bila maelezo marefu?

ISBN, ile namba ya kutambulisha kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, hiyo sawa. Ila mchapaji wa nakala chache Dar, asiye na longolongo, nampata wapi?