Matairi ya basi lililogeuzwa nyumba ya safari: 295/80, 11R au 315/80?

Msafiri_Entebbe

Habari zenu wakubwa. Ninaomba ushauri kuhusu basi la Scania la ekseli mbili. Viti vimetolewa, vikawekwa vitanda, jiko, tangi la maji la lita 400, betri na jenereta. Lina matairi ya 295/80R22.5. Meno bado ni marefu lakini mbavuni zimeanza nyufa ndogondogo, na namba za kiwandani ni kati ya 1116 na 1316. Rimu ni 8.25 x 22.5, tundu kumi. Njia zake nyingi ni lami: Mbarara mpaka Kabale, Gulu, Arua. Ila mara mbili tatu kwa mwaka huenda Kotido na Kaabong, huko Karamoja, kuelekea hifadhi ya Kidepo.

Madukani Kampala nimepewa njia tatu: 295/80R22.5 ambayo ni ya kuagiza na kusubiri, 11R22.5 ya 16PR (PR ni daraja la uimara wa tairi) ambayo ipo leo, na 315/80R22.5 ambayo imejaa kila duka kwa sababu ya malori. Kuna na wa nne anayesema nivalishe mpira upya haya niliyo nayo, yote sita, nisahau habari ya kununua. Nyinyi mnaonaje?

Fundi_Ndeeba

Ndugu, usiangalie duka kwanza, angalia mzani. Tairi la gari kubwa huchaguliwa kwa uzito wa pembe ya gari (mbele au nyuma, kushoto au kulia) iliyobeba zaidi, na wewe hujataja hata kilo moja.

Jaza maji, jaza dizeli, weka gesi, vyakula na watu wote mahali wanapokaa wakisafiri. Tafuta mzani wa watu binafsi, kwa mfano wa machimbo ya kokoto au wa kiwanda cha nafaka, ambako watakuruhusu kupanda kipande kipande. Pima ekseli ya mbele nzima, kisha ya nyuma nzima. Halafu rudia ukiwa umepandisha magurudumu ya upande mmoja tu, mradi sakafu ya pembeni ya mzani iwe sawa na jukwaa lake. Ikiwa na mteremko, namba zitadanganya. Mizani ya serikali kama ya Lukaya au Magamaga itakupa ekseli tu. Haitakuonyesha kushoto na kulia, na kwenye basi lililogeuzwa hapo ndipo siri ilipo: mwenye kujenga huweka tangi, jiko na betri upande mmoja ili mabomba yawe mafupi.

Msafiri_Entebbe

Asante, fundi. Nimepima likiwa limejaa kila kitu. Mbele kushoto kilo 3,350, mbele kulia 2,950. Nyuma kushoto 5,000, nyuma kulia 4,400. Jumla 15,700.

Mhandisi_Jinja

Hizi sasa ni namba za kufanyia kazi. Kisheria huna tatizo: sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya usukani yenye matairi mawili na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Lakini tairi halijui sheria. Soma ubavuni: kuna namba mbili (si kilo, ni alama za jedwali la uzito) zilizotenganishwa na mkwaju (/), kisha herufi ya mwendo. Ya kwanza ni uwezo wa tairi likiwa peke yake, kama mbele. Ya pili ni uwezo likiwa pacha, yaani mawili pamoja upande mmoja, kama nyuma.

295/80R22.5 nyingi ni 152/148, yaani kilo 3,550 peke yake na 3,150 kwenye pacha. Nyingine ni 154/149, yaani 3,750 na 3,250. 11R22.5 ya 16PR hutegemea kiwanda: zipo za 146/143 (3,000 na 2,725) na zipo za 148/145 (3,150 na 2,900). Kwa hiyo neno "16PR" peke yake halikuambii kitu cha kutosha, soma namba. 315/80R22.5 ya 156/150 hubeba 4,000 na 3,350.

Sasa tazama mtego. Ekseli yako ya mbele ni 6,300. 11R mbili za 148 zinabeba 3,150 mara mbili, yaani 6,300 kamili. Muuzaji atakuambia inatosha, na kwa hesabu ya ekseli ana haki. Lakini tairi la kushoto limebeba 3,350, limezidiwa kilo 200 basi likiwa limesimama tu. Ukikanyaga breki kwenye mteremko wa Kabale, uzito unakimbilia mbele na tairi hilohilo linaongezewa mzigo. Kwa 295 ya 152 bado una akiba ya kilo 200. Si nyingi, kwa hiyo ukipata ya 154 usisite.

Nyuma hakuna wasiwasi: 5,000 kugawanya kwa mbili ni 2,500 kwa tairi. Zote tatu zinaweza.

Dereva_Malaba

Mimi natetea 11R kidogo. Inakaa kwenye rimu ya 8.25 bila shida, na urefu wake ni karibu sawa: kipenyo kama milimita 1,054 dhidi ya 1,044 za 295. Mtu akipasukiwa mbali anahitaji tairi la kununua leo, hana nafasi ya kusubiri meli ifike Mombasa. Hamisha tangi la maji katikati ya basi, kushoto mbele kutapungua, basi 11R ya 148 itaingia.

Mhandisi_Jinja

Mzee, kuhamisha tangi ni wazo zuri kwa tairi lolote atakalonunua, na nalishauri. Lakini hata ukisawazisha mpaka kila upande wa mbele uwe 3,150, unaendesha kwenye kilele cha uwezo wa tairi bila akiba, kwenye joto la lami ya saa nane mchana. Siwezi kumshauri hivyo mtu anayelaza familia ndani ya gari hilo. Nyuma 11R ingefaa. Ila hapo spea yake haitakuwa moja kwa ekseli zote, na hilo ni hasara kubwa kwa mtu wa Kidepo. Akitumia 295 zote sita, spea moja inaokoa popote.

KaramojaKwanza

Na 315 je? Ndiyo pekee ambayo utaipata mpaka Soroti na Lira bila kuuliza mara mbili.

Fundi_Ndeeba

315/80 inataka rimu ya 9.00. Ukiivalisha kwenye 8.25, kingo zake zinabanwa, ubavu unavimba nje na uso wa tairi unakuwa wa mviringo. Utaona katikati inaisha huku mabega yakiwa mazima, na ubavu unapata joto. Wapo wanaofanya hivyo na magari yanatembea, lakini kutembea si ushahidi kwamba inafaa.

Tatizo la pili liko nyuma. 315 pacha zinahitaji takriban milimita 351 kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya jingine, wakati 295 zinaridhika na kama 335. Kupima ni rahisi: weka rula kwenye ukingo wa nje wa rimu ya ndani, soma mpaka ukingo wa nje wa rimu ya nje. Hiyo ndiyo nafasi uliyo nayo. Ikiwa haitoshi, mbavu mbili zitagusana chini pale zinapobeba mzigo, zitasuguana, na tairi la ndani litapasuka bila wewe kuona dalili yoyote ukiwa nje.

Tatu, kipenyo ni kama 1,076. Spidi mita itasoma pungufu kwa asilimia 3, na hilo ni dogo. Kubwa ni nafasi ndani ya bodi: kata usukani mpaka mwisho kushoto na kulia, ukiwa umetoa upepo wa sasipenshini, uone kama kuna vidole viwili vya kupita. Kwenye mabasi mengi hakuna. Akitaka 315 anunue na rimu sita za 9.00 pamoja na ya spea, na gharama hiyo inameza faida yote ya kupatikana kirahisi.

Mama_Tairi_Mbale

Kuhusu kuvalisha mpira upya: ndugu, kwa hayo yako jibu ni hapana. Ni ya wiki ya 11 hadi 13 ya mwaka 2016. Mpira mpya utaung'arisha uso, lakini mwili wa tairi na waya zake zitabaki za 2016, na nyufa unazoziona mbavuni ndizo zinazoonekana tu. Karakana yenye kujiheshimu itayakataa.

Mbele ya basi usiweke kamwe tairi lililovalishwa upya, hata likiwa zuri. Marekani wamelikataza kisheria kwa magurudumu ya mbele ya mabasi, na sababu yake ni ileile hapa: likichomoka uso mbele, dereva anapoteza usukani. Nyuma, kwa basi la abiria linalokwenda Kampala kila siku, kuvalisha kunalipa. Basi lako litazeesha tairi kabla ya kulimaliza. Unalipia meno ambayo hutayatumia.

Ukinunua mapya, soma tarakimu nne za mwisho za namba ya kiwandani: mbili za wiki, mbili za mwaka. Namba nzima huwa upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo waambie waligeuze. Usikubali lililokaa stoo zaidi ya miaka miwili. Kuanzia mwaka wa tano yakaguliwe na fundi kila mwaka, na kwenye mwaka wa kumi yatoke, hata yakiwa yanang'aa.

KaramojaKwanza

Nakubali 295. Sasa tuje kwenye meno. Kaabong wakati wa mvua, tairi la mistari mirefu pande zote ni mtelezo. Weka ya vitalu nyuma.

Dereva_Malaba

Ya vitalu virefu hupiga kelele kwenye lami, huongeza dizeli na hushika joto. Nyingi ni za herufi K, yaani mwisho kilomita 110 kwa saa, na zinakusudiwa mwendo mdogo. Yeye sehemu kubwa ya safari ni lami. Na ule udongo mweusi wa Karamoja ukilowa unajaza vitalu ndani ya mita chache, unabaki na duara la matope. Hapo dawa ni kusubiri ukauke.

Fundi_Ndeeba

Mko sahihi wote kwa nusu. Mimi ningeweka mistari ya aina ya basi mbele (Michelin X Coach Z na Conti Coach HA3 ni mifano ya aina hiyo), na nyuma tairi la matumizi mchanganyiko, lami na murami (barabara ya changarawe), lenye mifereji ya kujisafisha na mpira mgumu kukatika. Michelin X Works na Bridgestone M840 ziko kwenye kundi hilo, na viwanda vya China na India vina yao. Hakikisha tu kipimo ni 295/80 na namba ni 152/148 au zaidi. Kokoto za murami hukwama katikati ya pacha: kila ukitoka barabara mbovu, piga tochi na uzitoe kwa mtaimbo.

Pesa zikiwa chache, weka nzuri kabisa mbele, na nyuma ya bei ya kati.

Msafiri_Entebbe

Nimeelewa, naagiza 295. Upepo niweke kiasi gani? Duka linasema 120 kila mahali.

Mhandisi_Jinja

Kwa 295 ya 152/148 yenye upepo wa juu wa bar 8.5, yaani PSI 123: mbele unapima kwa upande mzito, kilo 3,350, inakuja kama PSI 115. Kulia weka hiyohiyo 115, kwa sababu ekseli moja hupewa upepo mmoja hata uzito ukitofautiana. Nyuma, kilo 2,500 kwa tairi inataka kama 92. Weka 100 upate akiba. Ukijaza 120 nyuma, uso unagusa barabara katikati tu, meno yanaisha katikati na vyombo vya jikoni vinatikiswa bure. Jedwali la kiwanda cha tairi utakalonunua lina neno la mwisho.

Pima asubuhi kabla ya kuondoka. Likiwa moto geji itapanda 10 hadi 15, usitoe upepo. Ukikuta tairi limeshuka chini ya asilimia 80 ya upepo wake na limetembea hivyo, usilijaze pale barabarani. Waya za ubavu huenda zimechoka, na ukilijaza zinafunguka mfululizo kama zipu, kwa mlipuko wa kuua. Lishushwe, likaguliwe ndani, lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kwa mpira mrefu wa upepo wenye kichwa kinachojishika, na fundi asimame nje ya njia ya ubavu.

Mama_Tairi_Mbale

Siku ya kufunga simama hapo uone. Uso wa habu na rimu usuguliwe kwa brashi ya chuma, usipakwe grisi wala rangi nzito, kwa sababu rangi hubanwa na nati hulegea. Tone moja la mafuta kwenye nyuzi za boliti na kati ya nati na washa yake linatosha. Nati za M22 za rimu bapa zikazwe kwa mkingamo, mwisho kwa spana ya kipimo mpaka nyutonimita 600, isipokuwa kitabu cha gari kinasema tofauti. Bunduki ya upepo ya kufungia nati isimalize kazi. Ukishaendesha kilomita 80 hadi 100, zikazwe tena.

Nyuma, pacha zisitofautiane kipenyo kwa zaidi ya milimita 12, na valvu zipangwe pande mbili zinazotazamana ili ya ndani ifikike. Weka valvu ndefu ya chuma kwa tairi la ndani. Vile virefusho vya mpira huvuja polepole, na la ndani ndilo tairi ambalo watu hulisahau kupima.

Dereva_Malaba

Na spea iwe imeshavalishwa kwenye rimu na kujazwa 115, ili iweze kwenda mbele. Lipimwe kila mwezi pamoja na mengine.