Saidi-bai-saidi au Jeep kwa miamba ya Moab?

Wadau habarini, niko Utah, nataka chombo cha kupandia miamba Moab. Saidi-bai-saidi (kale kagari kadogo ka wazi ka porini, mnakaa ubavu kwa ubavu) au Jeep Wrangler Rubicon? Nina mke na watoto wawili, trela ya kukibebea sina.

— Mkuu kama trela huna chukua Jeep, unatoka nayo nyumbani mpaka Hell's Revenge, ile njia ya miamba ya Moab, unapunguza upepo wa tairi unapanda, jioni unajaza mnarudi na AC. Difloki (kufuli za difu, zinafanya tairi za kushoto na kulia zizunguke pamoja) zipo mbele na nyuma toka kiwandani.

— Mi nina saidi-bai-saidi na naipenda sana, shokapu zinameza mashimo mgongo hauumi kabisa. Ila beba belti ya akiba kaka, ile inayopeleka nguvu ya injini kwenye tairi, yangu ilikatika katikati ya mwamba, kufungua kava nyuzi zimejisokota kwenye puli, zinanuka moto.

— Watoto wana umri gani?