Naomba ushauri: porti (waini tamu ya Ureno) ya 1963 ya marehemu baba, bado inanyweka?

BintiMarangu: Wakuu habari zenu. Marehemu baba alifanya kazi shamba la kahawa huku Moshi, na tajiri wake alipoondoka alimwachia chupa ya porti ya 1963. Tumeikuta kabatini kwa mama, Marangu, imelazwa, imezungushiwa gazeti. Waini imeshuka chini kidogo ya shingo na lakiri iliyofunika kizibo inanata. Krismasi ukoo mzima tutakuwa nyumbani, natamani kila mtu aonje. Imeshakufa? Chupa ninayo hapa Arusha.

Mzee_wa_Sakina: Pole kwa msiba, dada. 1963 ni mwaka wa mavuno wenye sifa kubwa bonde la Douro, kule Ureno. Porti hutiwa pombe kali ya zabibu ikiwa bado inachacha, utamu ukabaki, nguvu ikafika asilimia 20 hivi. Ndiyo maana hudumu hivyo. Kwa umri huo kushuka chini ya shingo ni kawaida, ingefika katikati ya bega ningeogopa. Wasiwasi wangu ni huko kunata: palipotoka waini, hewa hupita. Mulika tochi nyuma ya shingo bila kuitikisa. Wekundu wa tofali unaong'aa, tumaini lipo. Kahawia ya tope, hapana.

BintiMarangu: Nimemulika. Kama chai ya rangi, na inang'aa.

Mzee_wa_Sakina: Basi baridi ya Marangu imekusaidia. Ingekaa Moshi mjini chini ya bati miaka yote hiyo, nisingekupa moyo.

KibaoChaMbuzi: Dada, usiifungue siku ya safari! Matuta ya barabarani yatavuruga mashapo yote. Ipeleke mapema, isimame siku tatu. Kizibo kitamong'onyoka, tafuta kizibuo cha ndimi mbili, kile kinachobana kizibo pande zote mbili. Mimina taratibu kwenye jagi, tochi ikimulika shingo, mashapo yakifika hapo acha. Ikinuka siki au dawa ya kutolea rangi ya kucha, mwaga. Ikinuka vumbi tu, subiri kidogo. Ila msiiache mpaka kesho yake, za umri huo huchoka upesi.

BintiMarangu: Mrejesho, wakuu. Kizibo kilitoka vipande vitatu, tukachuja kwa kitambaa. Mwanzo ilinuka kabati, kaka akasema basi tena. Baada ya nusu saa zikaja zabibu kavu na ganda la chungwa, tamu, laini, ikibaki kooni muda mrefu. Tulikuwa kumi na tisa, kila mmoja akaonja kidogo kwa kifuniko cha chupa ya chai. Mama hanywi, ila aliinusa sana kabla ya kunirudishia. Chupani yamebaki mashapo vidole viwili, meusi kama machicha ya kahawa.