Kocha Mjapani aliyewafunga Mazembe ndiye huyu aliyewafunga Ujerumani?

Mkaa Benchi:
Wakuu, salaam. Juzi nilikuwa saluni nasubiri zamu, wakawa wanarudia mechi ya Japani na Brazil ya Oktoba 2025. Ile ambayo Brazil walienda mapumziko wakiongoza 2-0, wakaja kulala 3-2. Kinyozi akaninyooshea mashine kwenye TV: "Huyo kocha mwenye daftari ndiye aliyemfunga Samatta kule Japani." Nikabisha. Tumewekeana soda.

Naomba kujuzwa na wanaojua. Ni yeye kweli? Na huko nyuma alifanya nini? Maana nikimwangalia hana makeke yoyote, kama afisa elimu kata.

Dogo wa Mbagala:
Lipa soda ya watu.

Mutu wa Kamalondo:
Niko wa Lubumbashi, na hiyo siku sitaki hata kuikumbuka. Jumapili, tarehe 13 Desemba 2015, Osaka, robo fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Mazembe tulikuwa tumetoka kuchukua ubingwa wa Afrika mbele ya USM Alger, Samatta na Ulimwengu wakiwa wetu, Kidiaba golini. Mwaka 2010 tulifika fainali ya kombe hilo hilo, kwa hiyo tuliwaza River Plate wa nusu fainali. Hao Wajapani hatukuwawaza kabisa. Sanfrecce Hiroshima wakatupiga 3-0. Kocha ndiye huyo huyo. Kidiaba hakuruka kwa makalio siku ile, ile staili yake ya kushangilia.

Zambarau:
Mkuu Mkaa Benchi, soda ni ya kinyozi. Anaitwa Hajime Moriyasu. Nilisoma Hiroshima kuanzia 2013 hadi 2016, kwa hiyo mnivumilie nikirefusha, hii ni timu iliyonishikilia nisikimbie baridi.

Alizaliwa 1968, akakulia Nagasaki. Mwaka 1987, alipomaliza sekondari, akachukuliwa na Mazda. Ndiyo, hao hao wa Demio. Wakati ule Japani haikuwa na ligi ya kulipwa, timu zilikuwa za makampuni, kama ilivyo Mtibwa na kiwanda cha sukari. J.League ilipoanza 1993, timu ya Mazda ikawa Sanfrecce Hiroshima. Jina lenyewe ni chotara: "san" ni tatu kwa Kijapani, "frecce" ni mishale kwa Kiitaliano. Wanayo hadithi ya mtawala wa kale aliyewapa wanawe mishale mitatu wajaribu kuivunja ikiwa imeshikana. Ni ile ile ya mzee na fungu la kuni.

Uwanjani alikuwa kiungo mkabaji, fundi wa kusafisha makosa ya wenzake. Hans Ooft, Mholanzi aliyemjua tangu Mazda, alipopewa timu ya taifa mwaka 1992 akamwita. Watu wakashangaa huyu katoka wapi. Hata jina walikuwa wanalikata pasipo pake wakilisoma, na hapo ndipo ulipotoka utani wake wa Poichi. Alicheza mechi 35 za taifa.

Mojawapo ni ile ya Doha, tarehe 28 Oktoba 1993. Japani wanaongoza 2-1 dhidi ya Iraq, wakishinda tu wanaenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yao. Dakika za nyongeza, kona fupi, krosi, kichwa, 2-2. Safari ikafia pale pale. Moriyasu alikuwa ndani ya uwanja. Shikilia hapo kwenye Doha, nitarudi.

Alitundika daluga akiwa Vegalta Sendai mwaka 2003, akaanza ukocha kutoka chini: vijana, usaidizi Hiroshima, usaidizi Albirex Niigata. Mwaka 2012 Hiroshima wakampa timu. Aliyekuwepo, Mihailo Petrović, alikuwa ameondoka kwenda Urawa Reds.

Kocha mpya mwingine angefika na kubomoa nyumba aonekane kaja. Yeye mfumo wa Petrović wa mabeki watatu aliuacha kama ulivyo, akaziba panapovuja tu. Wakiwa na mpira wanapanda watu watano mbele, wakiupoteza wanarudi mabeki watano nyuma. Msimu huo huo wa kwanza, bingwa, taji la kwanza la J.League kwa klabu. 2013, bingwa tena, kwa pointi moja, siku ya mwisho kabisa. 2015, bingwa mara ya tatu.

Na hayo yote huku Urawa wakituokotea wachezaji kama maembe ya jirani yaliyodondokea upande wao. Moriwaki alienda, kipa Nishikawa akaenda, Ishihara naye akaenda. Fikirieni Mtibwa wangechukua ubingwa mara tatu ndani ya miaka minne, huku kila dirisha Simba na Yanga wakibisha hodi na mabegi ya hela. Ndicho alichofanya.

Sasa jambo ninalotaka mlione. Uwanja wa zamani ulikuwa juu kilimani, unapanda kale katreni ka Astram mpaka kituo cha mwisho, na kati yako na mpira kuna njia ya wakimbiaji, kwa hiyo wachezaji unawaona wadogo kama njugu. Ila kitu kimoja hata ukiwa umekaa juu kabisa ulikijua. Mshambuliaji alikuwa Hisato Sato, mzee wa kazi. Anawachosha mabeki kama saa nzima hivi. Halafu unaona kijana mmoja anavua koti la mazoezi, na jukwaa letu la zambarau linaanza kunguruma kabla hata ubao haujanyanyuliwa. Takuma Asano. Mbio zake zilikuwa kama ameiba kitu. Desemba 2015, fainali ya ubingwa na Gamba Osaka, mechi ya marudiano kwetu, tuko nyuma 1-0: Asano kaingia, kasawazisha kwa kichwa, ubingwa kwa jumla ya 4-3. Yule mzee aliyekaa kando yangu, ambaye msimu mzima hatukuwahi kusalimiana zaidi ya kuinamiana kichwa, alinikumbatia hadi miwani yake ikaanguka. Siku nane baadaye, Mazembe: Shiotani, Chiba, na la tatu dakika ya 78, Asano.

Turudi Doha. Tarehe 23 Novemba 2022, Kombe la Dunia, Moriyasu sasa ni kocha wa taifa, mji ule ule uliomliza. Ujerumani 1-0 Japani, na wanateswa. Mapumziko anamtoa Kubo, anamwingiza Tomiyasu, mabeki wanakuwa watatu. Mimi nilikuwa Dodoma, kwenye kibanda umiza, nikapiga kelele peke yangu: "Hii ni Hiroshima!" Watu wakanitazama kama nimevuta. Dakika ya 57 anaingia Asano. Dakika ya 75 Doan anasawazisha, dakika ya 83 Asano anapiga kutoka upande ambao hata pembe huioni, mpira unapita juu ya bega la kipa Neuer. Mnaita bahati, mimi nilishaiona ile sinema kilimani kule.

Hesabu Kali:
Zambarau umeandika kwa mahaba. Tuweke na upande wa pili. Baada ya Ujerumani akafungwa na Costa Rica 1-0. Fainali ya Asia 2019 alilala 3-1 kwa Qatar, na awamu iliyofuata Iran wakamtoa robo fainali. Na huko Hiroshima kwenyewe aliondoka vipi?

Zambarau:
Vibaya, sikatai. Julai 2017 timu ilikuwa ya 17 kati ya 18, akaachia ngazi. Sato alikuwa ameshaondoka, Asano ameshauzwa, nao mfumo kila kocha alikuwa ameshaukariri. Alichelewa kubadilika. Costa Rica nayo sina utetezi, kikosi alichopanga siku ile hata mimi kilinikera. Lakini baada ya hapo aliwapiga Hispania 2-1, wakatolewa na Croatia kwa penalti, na alipoenda mbele ya mashabiki wao akainama, akabaki ameinama muda mrefu mpaka nikadhani TV imeganda.

Mutu wa Kamalondo:
Kumbe Asano wa Ujerumani ndiye Asano wetu wa dakika ya 78! Miaka yote hii sikujua. Sasa roho imetulia kidogo. Neuer naye alikula.

Mkaa Benchi:
Nimelipa. Kinyozi kainywa mbele yangu taratibu, anabeua kwa makusudi. Sasa anadai huyo Asano alishasajiliwa na Arsenal. Hapo naona kazidisha, nataka kuweka soda mbili.

Zambarau:
Usiweke. Julai 2016 Arsenal walimsajili kweli, kibali cha kazi kikakosekana, akapelekwa Stuttgart kwa mkopo. Arsenal hakuwachezea mechi hata moja.